Shehena Imeondoka, Kazi Imekwenda Nayo

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yatuhusu sisi kuliko watu wengine, kwa sababu daftari ndiyo kazi yetu. Katika wanachama wetu wako makarani wa bandari na wa forodha, makarani wa maghala na wa vyama vya msingi, makarani wa halmashauri na wasimamizi wa mizani. Wala ni vigumu gunia kutoka katika pwani hii, tangu Mikindani mpaka mlango wa Mto Ruvuma, lisipite mbele ya kalamu ya mmoja wao. Mgeni akituuliza, "Nchi hii yenu hutoa nini?" twaweza kumjibu pasipo kusita: korosho kwanza, kisha ufuta, saruji, gesi ya Ghuba ya Mnazi, chumvi na samaki, tena makaa ya mawe yashukayo kutoka Mkoa wa Ruvuma ili yapakiwe hapa. Lakini akiendelea kuuliza, "Na kazi ya kuitengeneza mali hiyo hufanywa wapi, na ujira wake humfikia nani?" hapo daftari zetu nyingi hunyamaza. Swali hilo la pili ndilo tutakalo kulitazama leo, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Maana ukisha kufunguliwa, kila mmoja wetu atakuwa ameinama juu ya vitabu vya tani na shilingi, asipate nafasi ya kufikiri.

Jambo lenyewe si jipya. Katika karne ya 19 bidhaa moja kubwa ya pwani hii ilikuwa sandarusi. Watu waliichimba katika mchanga, wakaiuza kwa wafanya biashara, nayo ikachukuliwa kwa majahazi mpaka Unguja, na toka Unguja ikapakiwa katika merikebu za Marekani zilizokwenda Salem, mji wa Jimbo la Massachusetts, ili itengenezwe vanishi. Kwa miaka mingi ilikwenda na mchanga wake na ganda lake, kama ilivyotoka shimoni. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha bwana mmoja, Jonathan Whipple, ambacho kazi yake ilikuwa kuiosha na kuisafisha sandarusi ya Afrika, na watu wa Salem walipata riziki zao humo. Mwaka 1861 Serikali ya Marekani ikaitoza ushuru sandarusi isiyosafishwa. Mara kazi ile ya kuosha ikaondoka Salem, ikawa yafanywa katika pwani ya Afrika kabla ya kupakiwa.

Twaomba wasomaji wetu walizingatie neno hili. Mchimbaji wa sandarusi hakuhama, wala merikebu hazikubadili njia, wala sandarusi haikugeuka kuwa kitu kingine. Kilichogeuka ni mstari mmoja tu katika kitabu cha forodha, nao ukaivusha kazi ya watu bahari nzima. Basi asije mtu akatuambia kwamba kazi hukaa mahali pake kwa amri ya maumbile. Kazi hufuata hesabu, na hesabu huandikwa na watu.

Ni kweli ziko bidhaa ambazo uzito wake wenyewe huishikilia kazi mahali zilipozaliwa. Mfano ni katani. Mashamba ya mkonge ya Mikindani na Lindi yaliajiri watu wengi wakati wa ukoloni, na miongoni mwao walikuwamo Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Wareno. Kazi ilikuwa nzito na ujira ulikuwa mdogo, wala hatuandiki haya kwa kuusifu wakati ule. Lakini katika kilo 100 za majani mabichi ya mkonge nyuzi kavu hazizidi kilo nne au tano. Yaliyosalia ni maji na makapi. Hapana tajiri awezaye kulipa nauli ya meli kwa maji na makapi, kwa hiyo mashine ya kukamua ilikuwa lazima isimame shambani, na mtu wa kuiendesha, na wa kuanika nyuzi, na wa kufunga robota, walikuwa lazima wawe hapa. Saruji nayo ni hivyo hivyo. Kiwanda cha Dangote kilichofunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2015, chenye uwezo wa kutoa tani milioni tatu kwa mwaka, kilijengwa karibu na Mikindani kwa kuwa mawe ya chokaa yako hapa, na mawe hayasafirishwi mbali ili yakasagwe kwingine.

Gesi ni kinyume cha mawe. Iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikaanza kuchimbwa kwa ajili ya umeme wa Mtwara mwaka 2006, na mwaka 2015 likafunguliwa bomba kubwa liichukualo kutoka mtambo wa Madimba mpaka Dar es Salaam. Gesi haihitaji mchukuzi wala gunia. Bomba likisha kufukiwa, huenda yenyewe usiku na mchana, na watu wachache wenye ujuzi hutosha kuiangalia. Watu wa Mtwara waliliona hilo mapema, wakadai kwamba gesi iwaletee kwanza viwanda na kazi hapa hapa. Na mwezi wa Januari na wa Mei mwaka 2013 madai hayo yaligeuka kuwa fujo, nyumba zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Hatutaki kuzifufua hasira za siku zile. Twasema tu kwamba chini ya moshi ule palikuwa na swali la haki, nalo ni hili hili letu: mali ikipita, kazi hubaki wapi?

Sasa tuje kwenye korosho, ambayo imesimama katikati ya mambo haya mawili. Si nzito kama jani la mkonge hata ilazimike kutengenezwa hapa, wala si nyepesi kama gesi hata ikimbie yenyewe. Yaweza kubaki na yaweza kuondoka. Kwa hiyo yote hutegemea watu wameamua nini.

Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli, wa mabibo na wa kuzuia mchanga. Biashara yenyewe ilianza kabla ya Vita Kuu ya Pili, wafanya biashara walipoanza kuzinunua korosho ghafi na kuzipeleka Uhindi, ambako wanawake wa Kollam na sehemu nyingine za pwani ya Malabar walizibangua kwa mikono. Ubanguaji si kazi nyepesi. Ganda la korosho lina mafuta makali yaunguzayo ngozi, nayo punje ya ndani ni laini, ikivunjika bei yake huanguka. Ni kazi itakayo vidole vyepesi na subira, na wanawake wa Uhindi wakawa mabingwa wake kwa kuzoea korosho zilizozaliwa Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara.

Je, kwa nini iliondoka kirahisi namna hii? Sababu ni tatu, na yafaa kila karani azijue. Ya kwanza, korosho ghafi ikikaushwa vema hukaa miezi mingi bila kuoza, basi yaweza kungoja meli. Ya pili, sisi huvuna kuanzia mwezi wa Oktoba hata Januari, wakati ambapo Uhindi, Vietnam na nchi za Afrika ya Magharibi hawajavuna. Viwanda vyao wakati huo vina njaa, hutoa bei nzuri ili visisimame. Ya tatu ndiyo kubwa: mwenye kiwanda cha hapa akitaka kufanya kazi mwaka mzima sharti anunue chakula cha kiwanda chake cha mwaka mzima katika miezi mitatu, kwa fedha taslimu, akishindana mnadani na matajiri wa ng'ambo wakopeshwao na mabenki yao kwa riba ndogo. Akikosa fedha mwezi wa Novemba, mitambo yake italala mpaka Novemba nyingine. Wengi husema kwamba viwanda vyetu vimekufa kwa uvivu au kwa ujinga. Lakini kiwanda kisichopata korosho hufa hata kama wafanyi kazi wake wote ni hodari.

Hasara ya kupeleka korosho ghafi haionekani bandarini, kwa maana bandarini gunia huonekana limejaa. Lakini likifunguliwa, katika kilo 100 za korosho ghafi punje ya kuliwa ni kilo 22 mpaka 24 hivi. Karibu yote yaliyosalia ni ganda. Maana yake ni kwamba katika kila meli nne zinazong'oa nanga kwa korosho zetu, karibu tatu zimebeba maganda. Na maganda hayo si takataka: mafuta yake hutumika katika kutengeneza breki za magari na rangi, na mabaki huwashiwa moto wa mitambo. Basi ng'ambo hupata punje, na mafuta, na kuni, na kazi. Sisi hupata bei ya gunia.

Asifikiri mtu kwamba nchi hii haikujaribu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho, vingine kwa mikopo ya Benki ya Dunia, hata vikatimia 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 110,000 kwa mwaka. Vilisimama Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru na kwingineko. Lakini ajali ya viwanda hivyo yasikitisha. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, na kwa hesabu hiyo viwanda vilipimwa. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, wakawa mbali na mikorosho yao. Bei ya mkulima ikawa ndogo hata haikumlipa kufyeka pori. Nao ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia katika maua. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Viwanda vilikuwa vimekuja wakati korosho zilipokuwa zimekwenda.

Wakulima wakafufuka kabla ya viwanda. Wataalamu wa Naliendele walionyesha namna ya kupuliza salfa na kupanda miche bora, biashara ikafunguliwa katika miaka ya 1990, na mavuno yakapanda mwaka hata mwaka, mpaka msimu wa 2017/18 yakazidi tani 300,000. Lakini viwanda, baada ya kuuzwa kwa watu binafsi, vingi havikuwasha mitambo; vingine viligeuzwa kuwa ghala za kuwekea korosho ghafi zingojazo meli. Katika jengo lililojengwa ili kazi ibaki, kazi ikapangwa safu safu katika magunia, ikingoja kuondoka.

Hata gati yenyewe ya Mtwara ina mafunzo. Ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ambao Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na gati ya maji ya kina kirefu ikaanzishwa, kabla hapajaonekana kama karanga zitaota. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 na zaidi. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Gati ikabaki, ikapata mzigo mwingine. Mpango huo ulihesabu ekari na tani zitakazosafirishwa, ila haukuuliza vya kutosha juu ya udongo na juu ya watu watakaofanya kazi. Kuhesabu jambo moja na kuacha la pili ni kosa la kale katika pwani hii.

Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma wamepita njia hii hii, na yafaa tuwatazame. Msumbiji ilikuwa na viwanda vikubwa vya korosho. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shauri la Benki ya Dunia, ushuru wa korosho ghafi zisafirishwazo ulipunguzwa. Viwanda vikafungwa, na maelfu ya wafanyi kazi, wengi wao wanawake, wakakosa ajira. Mwaka 1999 Bunge lao likapitisha sheria ya kuutoza ushuru huo tena, kati ya asilimia 18 na 22, na katika miaka iliyofuata vikaota viwanda vidogo vidogo vya Nampula, vibanguavyo kwa mikono zaidi kuliko kwa mitambo mikubwa. Hatusemi kwamba wenzetu wamemaliza shida zao. Lakini yaliyoonekana Salem mwaka 1861 yalionekana tena jirani yetu: mstari wa forodha ukigeuka, kazi huhama.

Hapa twajua kwamba wako watakaotupinga, nao wana hoja. Watasema: ushuru wa korosho ghafi haumwumizi mnunuzi wa ng'ambo, mnunuzi huupunguza katika bei yake mnadani, na mwisho alipaye ni mkulima wa Kitangari au wa Nanyamba. Hoja hii ni kweli, wala hatuna haja ya kuificha. Mkulima huyo amekwisha kubebeshwa mengi. Kabla ya mpango wa stakabadhi ghalani ulioanzishwa Mtwara msimu wa 2007/08, alipimiwa kwa kangomba mlangoni pake wakati wa njaa, akauza korosho kabla hazijaanguka mtini. Baada ya mpango huo amepata mnada na bei ya wazi, lakini pia amejua maana ya kungoja malipo. Mwaka 2018 bei za mnada zilipokataliwa, Rais Magufuli aliamuru Serikali izinunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakazisomba. Bei ilikuwa nzuri, ila wako wakulima waliokaa miezi mingi bila ya kuona fedha. Basi hatuwezi kujenga kiwanda juu ya mgongo wa mtu huyu.

Lakini jawabu la hoja hiyo ni kuuliza ushuru huenda wapi. Kwa sheria ya zamani, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ilirudi katika zao lenyewe, yaani katika pembejeo, utafiti na kusaidia ubanguaji. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu, na Bungeni palikuwa na maneno makali, wabunge wa Kusini wakiwa mbele. Sisi watumishi hatuna kazi ya kubishana na Bunge. Twaona tu kwamba ushuru uwao wote, ukimrudia mkulima kama salfa na magunia, na ukimrudia mbanguaji wa hapa kama mkopo wa kununulia mwezi wa Novemba, huwa ni mbegu. Usipowarudia, huwa ni makato tu. Mkulima na mbanguaji si adui. Wamegombanishwa na hesabu iliyofungwa kabla ya wakati.

Na hapa ndipo kazi yetu ilipo. Hatuna mamlaka ya kupanga ushuru, wala mtaji wa kufungua kiwanda. Tunayo kalamu, nayo si kitu kidogo. Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, katika kila taarifa ya msimu, pembeni ya safu ya tani zilizosafirishwa, iandikwe safu ya pili: tani zilizobanguliwa hapa, watu walioajiriwa, siku walizofanya kazi, na ujira waliolipwa. Safu hiyo mara nyingi itakuwa na sifuri. Sifuri iandikwe. Mkubwa asomaye taarifa yenye tani laki tatu hufurahi. Lakini asomaye laki tatu na pembeni yake sifuri hulazimika kuuliza.

Pili, mizani na stakabadhi ziwe safi. Karani apunguzaye kilo mbili katika gunia, au acheleweshaye hati ya malipo kwa sababu "mfumo haujafunguka" hali yeye hajaufungua, huyo amefanya kangomba kwa kalamu. Tena humvunja mkulima moyo, naye akivunjika moyo huacha shamba. Na viwanda vile 12 vimekwisha kutufundisha mwisho wa shamba lililoachwa.

Tatu, wanachama walioko Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu na Lindi walete kwa Katibu habari za kila kiwanda na kila kikundi cha kubangua kilicho katika sehemu zao, kikiwa kikubwa au cha akina mama kumi chini ya mwembe: chafanya kazi miezi mingapi, na husimama kwa kukosa nini. Twakusudia kuzikusanya katika jedwali moja na kulipeleka kwa wahusika kwa adabu na kwa njia iliyo halali, ili wanaoamua wasiseme kwamba hawakuambiwa.

Wako watakaosema kwamba jedwali halibangui korosho. Ni kweli. Lakini kazi iliyoondoka Salem iliondolewa na mstari wa kitabu, na kazi iliyorudi Nampula ilirudishwa na mstari wa kitabu. Na mistari hiyo haikuandikwa kabla ya mtu fulani, asiyejulikana jina, kuziweka hesabu zake sawasawa mbele ya wakubwa. Meli zitaendelea kuja Mtwara, nasi twazikaribisha. Twataka tu siku moja zipakie punje, na maganda yabaki huku yakiwasha moto wa mitambo yetu, na vijana wa Ufukoni wasilazimike kuifuata kazi Dar es Salaam ilhali imezaliwa uani mwao.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwenye hesabu iliyo bora kuliko hizi na ailete kabla mwezi wa Oktoba haujaandama, nasi tutaipiga chapa.